Kwale Inajulikana kwa Vyungu, Sisi Tunauza Mawe ya Kisii

Wacha nianze na aibu yangu. Nimezaliwa Msambweni, nimekulia huko huko, na mara ya kwanza kusikia habari za vyungu vya Kwale nilikuwa Nairobi, mwaka wa pili chuoni, muhula wa mwisho kabla karo kunishinda nikarudi nyumbani. Mwalimu alikuwa anafundisha kuenea kwa Wabantu, akataja "ufinyanzi wa Kwale" hivi hivi, kama kitu kila mtu anakijua. Nikajiuliza kama kuna Kwale nyingine.

Hakuna. Ni hii yetu ya vilima vya Shimba. Miaka ya 1960 mwanaakiolojia Robert Soper alichimba karibu na mji wa Kwale akatoa vigae vya vyungu vya wakulima waliojua kufua chuma. Mwaka 1967 akaandika habari zake kwenye jarida la Azania. Vipimo vya kaboni viliangukia karibu karne ya 3 baada ya Kristo. Tangu hapo kigae cha aina hiyo kikiokotwa, iwe Pare, Usambara au pwani ya Tanzania, kinaitwa Kwale. Yaani mtu yuko Tanzania na jembe lake, anataja mji wetu, na sisi wenyewe tukiulizwa tunasema hapa kuna ndovu na mbega basi.

Kigae chenyewe unakijua kwa mdomo. Ukingo wa chungu umechongwa pembe juu ya pembe, au umepitishwa vijifereji vinavyozunguka, na chini yake kuna mistari iliyochanjwa udongo ukiwa mbichi. Wataalamu hufuata mistari hiyo kujua nani alitoka wapi, manake mfinyanzi hufinyanga alivyofunzwa. Mimi nikitazama picha zake naona mchanga wa Diani maji yakipwa, ile mikunjo mawimbi yanayoacha nyuma. Hakuna mtaalamu aliyesema hivyo, ni macho yangu tu. Lakini aliyechanja alikuwa na macho pia, na kutoka juu Shimba bahari unaiona.

Kinachoniuma ni hiki. Wengi wetu historia ya pwani tumeipata ikianza na jahazi: kuna watu walikuja, wakajenga, sisi tukapokea. Karne ya 3 ni zaidi ya miaka 300 kabla ya Uislamu kuwepo. Felix Chami, mwanaakiolojia Mtanzania, amebishana miaka mingi kwamba vyungu vya wale waliojenga miji ya kwanza ya Waswahili vilitokana na ufinyanzi huu wa zamani. Wapo wanaompinga, sawa. Ila hata huko Shanga, kisiwani Pate, matabaka ya chini kabisa ya karne ya 8 yamejaa vyungu vya kienyeji. Wageni walikuja, ndio. Walikuta watu wanapika.

Sasa nyanya yangu. Alikuwa mfinyanzi, na mimi nilidhani ni kazi ya umaskini. Udongo aliuchimba bondeni, akautwanga, akachanganya mchanga, akapandisha chungu kwa mikono bila gurudumu, akalainisha kwa kombe la baharini. Akakianika kivulini siku kadhaa, akakichoma kwa kuni na makumbi ya nazi. Udongo uliobaki alitufinyangia sisi wajukuu kobe, pweza, na kwale, yule ndege wa vichakani. Pweza wake alikuwa na mikono 11. Nikamwambia pweza ana 8, akasema, "Huyu ni wangu, mwanangu."

Aliacha sufuria na mitungi ya plastiki zilipojaa sokoni. Mfinyanzi hulia gaeni, wahenga walisema, na siku hizi hata hilo gae halipo. Ukishuka Diani ufukweni, sanamu zinazouzwa watalii nyingi ni mawe ya Kisii kutoka Tabaka. Sina ugomvi na Tabaka, wamejua kujiuza. Lakini jina la ufinyanzi ni letu.

Kuna Mkenya mmoja inafaa mumjue, Magdalene Odundo. Alizaliwa Nairobi 1950, sehemu ya utoto wake akaipitisha Mombasa, na 2020 Uingereza ikampa cheo cha Dame kwa sababu ya vyungu. Miaka ya 1970 alikwenda Nigeria kujifunza Abuja, alikokuwa Ladi Kwali, mama aliyechora mijusi na nge kwenye mitungi yake na ambaye picha yake iko kwenye noti ya naira 20. (Kwali, si Kwale. Nilicheka pia.) Odundo hupandisha kwa mkono, bila gurudumu. Kwenye tanuri, kikipata hewa kinatoka chekundu, kikinyimwa kinatoka cheusi. Yale mabaka meusi ya vyungu vya nyanya, niliyodhani ni kuungua vibaya, ni moto huo huo.

Mwezi uliopita nilimwomba anifundishe nimrekodi. Mikono inatetemeka lakini alikubali. Tukaenda bondeni kuchimba udongo, tukakuta ukuta wa mawe na geti, shamba limeuzwa. Nyanya alishika ukuta, akauzunguka polepole hadi upande wa mto, akachuchumaa, akaanza kuchimba kwa vidole. Tulirudi na nusu ndoo.