Thamani ya Mtoto: Habari za Biashara ya Watu katika Nchi ya Shinyanga na Geita, na Sala za Kanisa



Neno Jubilei limetoka katika Sheria ya Musa. Kila mwaka wa 50 baragumu lilipigwa katika nchi yote ya Israeli, na mtu aliyeuzwa utumwani kwa sababu ya umaskini alirudi kwa jamaa zake na katika shamba la baba zake. Basi Jubilei si karamu na ngoma tu, wala si kuhesabu makanisa yaliyojengwa na mapadre waliopewa daraja. Kwa asili yake ni siku ya kuuliza: Ni nani aliyetoka kwetu wala hajarudi? Kwa hiyo tumeona yatupasa katika kijitabu hiki kueleza habari za biashara ya watu katika nchi hii, jinsi ilivyokuwa zamani, jinsi Kanisa lilivyopigana nayo kwa sala na kwa matendo, na jinsi ilivyorudi kwa mlango mwingine.

Njia ya misafara

Wazee wetu waliijua njia itokayo Tabora kwenda kaskazini, ikipita katika nchi za Wanyamwezi na Wasukuma hata Kageye, bandari ya Ziwa Nyanza iliyo karibu na Mwanza. Katika njia hiyo zilipita pembe za ndovu, na pamoja nazo walipita watu waliotekwa, wakubwa kwa wadogo, hata kufika pwani. Kutoka pwani zikaja nguo, shanga, baruti na bunduki. Tena tusidanganyane kwa kuwalaumu wageni peke yao. Walikuwapo watemi walioyauza mateka yao ya vita; na Watuta, ndio Wangoni waliokaa Runzewe, nchi ambayo leo ni Bukombe katika Mkoa wa Geita, waliteka watu wa jirani zao. Hata mataifa ya Wakristo wa Ulaya yalivusha Waafrika baharini kwenda Amerika kwa karne nyingi. Dhambi hii haina kabila moja wala dini moja.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa Waingereza, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Lakini kufunga soko si kufunga njia. Huku bara misafara iliendelea kwa miaka mingi.

Mapadre na watoto waliokombolewa

Mwaka 1878 Wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadre Weupe, walifika pwani, wakashika njia ya bara. Mmoja wa wakubwa wao, Padre Pascal, alikufa safarini kabla ya kuliona ziwa lo lote. Wenzake walipofika Tabora wakagawanyika: wengine wakaenda Ziwa Tanganyika, na wengine, pamoja na Padre Livinhac, wakaja Usukuma, wakafika Kageye mwisho wa mwaka ule. Mwezi wa Februari 1879 Padre Lourdel na Bruda Amans wakavuka ziwa kwenda kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Mwishoni mwa mwaka 1882 mapadre wakalazimika kuondoka Buganda. Wakarudi upande wetu wa kusini pamoja na watoto waliokuwa wamekombolewa, na mwaka 1883 wakaanzisha misioni ya Bukumbi.

Hivyo ndivyo ilivyoanza imani katika nchi ya Usukuma. Kati ya Wakristo wa kwanza wa nyumba ile walikuwamo watoto waliotolewa mikononi mwa wafanya biashara kwa bidhaa. Kanisa letu lilizaliwa pamoja na watoto waliouzwa. Jambo hili tusilisahau.

Lakini tuseme kweli yote, kwa maana historia isiyo na kweli haimpi Mungu utukufu. Kumkomboa mtoto kwa mali kulikuwa na hatari yake. Mwenye kuuza hajali kama mnunuzi ni padre au ni mfanya biashara. Yeye ahesabu nguo zake, akaenda zake kutafuta mwingine. Tena jirani asiyejua nia ya mapadre aliweza kuwaza kwamba hawa nao ni wanunuzi tu. Basi kilichomweka mtoto huru hasa hakikuwa ile bei iliyotolewa. Kilikuwa ni mambo yaliyofuata: nyumba ya kulala, jembe na shamba, kalamu na kitabu, na zaidi ya yote jina lake kuandikwa katika kitabu cha ubatizo, apate kuitwa mwana na siyo mali. Utumwa huanza kwa kulipoteza jina la mtu. Imani huanza kwa kumwita kwa jina.

Ushahidi upo. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu yapata mwaka 1866. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akakombolewa na Mapadre Weupe mwaka 1876, akapelekwa Malta kusoma uganga. Mwaka 1889 alifika Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, akawa mganga na katekista pale hata alipokufa mwaka 1956. Kwa miaka 67 mtu yule aliyenunuliwa kama mbuzi aliwatibu watu na kuwafundisha sala. Ni nani awezaye kuipima thamani ya mtoto sokoni?

Sala na sadaka ya Epifania

Mwaka 1888 Papa Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa Brazili juu ya utumwa, akamtuma Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, awaamshe watu wa Ulaya. Tarehe 1 Julai mwaka ule Kardinali alihubiri Paris katika kanisa la Saint-Sulpice. Kisha akaenda London na Brussels. Aliwaeleza watu mambo aliyoandikiwa na wanawe waliokuwa huku kwetu, karibu na maziwa. Mwaka 1890 mataifa yakatia sahihi mkataba wa Brussels wa kuzuia biashara ile.

Mwezi wa Novemba mwaka huohuo Papa aliagiza kwamba kila mwaka, siku ya Epifania, sadaka ikusanywe makanisani kwa ajili ya kazi ya kuwaweka watumwa huru. Ndipo mkulima wa Ulaya, ambaye hakupata kuiona Afrika, akasali na kutoa senti yake kwa ajili ya mtoto asiyemjua. Nayo siku iliyochaguliwa ilikuwa na maana kubwa. Siku ya Epifania twakumbuka Mamajusi walivyomletea Mtoto Yesu dhahabu. Dhahabu ililetwa kwa Mtoto, ikawekwa miguuni pake. Hilo ndilo agizo la Mungu juu ya mali: mali iende kwa mtu, wala mtu asipelekwe kwa mali.

Hata hivyo sheria ilikuja polepole. Serikali ya Wajerumani iliikataza biashara ya watumwa lakini haikuufuta utumwa wenyewe. Utumwa ulifutwa kabisa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza, yaani miaka 34 baada ya mahubiri ya Paris. Walioanza kusali, wengi wao hawakuyaona matunda.

Dhahabu yetu

Sasa tutazame siku zetu. Mungu ameijalia nchi hii dhahabu na almasi. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Mgodi wa kwanza wa dhahabu wa Geita ulifanya kazi tangu wakati wa Waingereza hata mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Kando ya migodi hiyo wako wachimbaji wadogo, Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na mahali pengine pengi, washukao katika maduara kwa kamba, wapondao mawe kwa karasha, wasafishao mchanga mialoni na kukamata dhahabu kwa zebaki. Wengi ni watu wa haki, watafutao chakula cha watoto wao kwa jasho, nasi hatuwashitaki.

Lakini panaposikika habari ya dhahabu mpya watu hukimbilia kwa maelfu, na fedha ya haraka huzaa tamaa ya haraka. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitangaza habari za watoto, wengine wa miaka 8 tu, waliokuwa wakifanya kazi katika machimbo ya dhahabu ya mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya, wakishuka mashimoni na kushika zebaki kwa mikono mitupu. Na kuna jambo baya zaidi. Tangu yapata mwaka 2006 watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo katika nchi ya Ziwa, kwa uongo wa wapiga ramli kwamba viungo hivyo huleta bahati machimboni na katika uvuvi. Shule ya Buhangija pale Shinyanga ikawa kimbilio la watoto wengi wa namna hiyo. Je, ni tofauti gani kati ya soko la Unguja na soko hilo?

Biashara ya siku hizi haina minyororo. Kwa kawaida yaja hivi. Mvua imekosa, mahindi yameungua. Anafika mama aliyevaa vizuri, labda ni jamaa, labda ni rafiki wa shangazi. Asema, Nipeni binti huyu, nitampatia kazi ya nyumbani mjini, atawaletea fedha, tena nitamsomesha. Wazazi wakubali, washukuru. Nauli yalipwa na mgeni. Binti afika kwenye mji wa machimbo. Aambiwa kwamba nauli ile ni deni. Simu yake yachukuliwa, apewa jina jingine la kuwapendeza wateja, awekwa katika kilabu cha pombe, na kila siku deni lazidi. Barua haiji, fedha haiji. Nyumbani wasema, Amepata maisha, ametusahau.

Twaona ni mambo yaleyale ya zamani: njaa, mtu wa kati, bei, safari ndefu, na kupotezwa kwa jina.

Mwano wa ng'ombe

Hapa yatupasa kujihukumu wenyewe. Sisi watu wa nchi hii twajua sana kufuata kilichoibwa. Ng'ombe akiibwa usiku mwano hupigwa. Aliyelala huamka, aliye shambani huacha jembe, wote hufuata nyayo hata mnyama apatikane. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Sungusungu walianza katika nchi ya Shinyanga na Kahama kwa sababu ya wizi wa mifugo, wakasifiwa hata mbali. Lakini binti akichukuliwa kijijini, ni nani apigaye mwano? Kwa ng'ombe mmoja kijiji kizima hakilali. Kwa binti twatosheka na kusema, Amepata maisha.

Mwenyezi Mungu alipomwuliza Kaini habari za ndugu yake, Kaini alijifanya hajui. Swali lile latuulizwa sisi. Na sala ni nini, isipokuwa mwano upigwao mbele za Mungu? Wana wa Israeli walipiga kelele Misri kwa sababu ya kazi ngumu, Mungu akasikia. Lakini mtu apigaye mwano kisha akarudi kulala hakuwa na haja ya ng'ombe wake.

Tarehe 8 Februari

Kanisa limetupa siku ya kupiga mwano huo pamoja. Tangu mwaka 2015, kwa agizo la Papa Fransisko, tarehe 8 Februari ni siku ya dunia yote ya kusali dhidi ya biashara ya watu. Ni sikukuu ya Mtakatifu Yosefina Bakhita, aliyezaliwa Darfur, nchi ya Sudani, yapata mwaka 1869. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa mara nyingi, akateswa hata akalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Bakhita, maana yake mwenye bahati, ni jina la watekaji. Mwaka 1885 alipelekwa Italia; mwaka 1889 baraza la hukumu la Venezia likatamka kwamba yeye si mtumwa; mwaka 1890 akabatizwa, kisha akawa mtawa Mkanosa. Alikufa tarehe 8 Februari 1947, na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II akamtaja Mtakatifu. Watawa wa nchi nyingi nao, tangu mwaka 2009, wameungana katika kazi ya kuwasaidia walionaswa, wakaiita Talitha Kum, kwa maneno ya Bwana wetu kwa binti Yairo alipomwamsha.

Serikali yetu nayo imetunga Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu, ya mwaka 2008. Basi anayemchukua mtoto kwa hila, anayemsafirisha na anayempokea kwa kazi ya namna hiyo, wote wana hatia, hata kama mtoto mwenyewe alikubali.

Yatupasayo

Ndugu zetu walimu, ninyi mnashika daftari la majina kila asubuhi. Mtoto asipoitika siku ya tatu, msiandike alama tu. Ulizeni nyumbani kwake. Makatekista, ninyi mna kitabu cha ubatizo. Kisomeni tena, mtazame ni nani hayupo, wala hapana ajuaye aliko. Wazazi, mgeni akija kumwomba binti, mwulizeni nyumba anakokwenda, mpelekeni kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa padre, muandike jina lake na simu yake. Mwenye nia njema hatakasirika. Nanyi mnaokaa katika miji ya machimbo, mkimwona msichana mgeni asiyeruhusiwa kutoka, msiseme, Si wa kwetu. Wapelekeeni habari polisi na ofisi ya ustawi wa jamii. Na arudipo nyumbani, asichekwe wala asisengenywe, bali apokewe kama mapadre wa Bukumbi walivyowapokea wale wa kwanza: kwa nyumba, kwa kazi, kwa masomo, na kwa jina lake.

Katika mwaka huu wa Jubilei tunaomba kwamba katika kila jumuiya, baada ya Rozari, yatajwe kwa sauti majina ya watoto waliotoka wala hawajarudi. Kisha mmoja wa waliosali achaguliwe kwenda kumtafuta kila mmoja wao. Hapo baragumu la Musa litasikika katika nchi yetu, na dhahabu ya Geita itawekwa tena mahali pake, miguuni pa Mtoto.