Simba wa Tsavo na hesabu ya wafu wa reli

Itaje reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani, Kisumu ya leo, mwishoni mwa 1901, na watu watakutajia simba wa Tsavo, waliokula vibarua wa reli hiyo. Simba hao wawili wameandikiwa kitabu na J. H. Patterson, msimamizi wa ujenzi wa daraja la Tsavo, wameigiziwa filamu, na ngozi zao zilizojazwa zimo katika makumbusho ya Field, Chicago. Hesabu za reli yenyewe zinasema mengine. Wahindi 31,983 waliletwa kwa mkataba; 2,493 wakafa, na 6,454 wakarudishwa kwao hawajiwezi. Patterson alihesabu Wahindi 28 walioliwa, kisha miaka ya baadaye akadai watu 135. Uchunguzi wa mifupa na manyoya ya simba hao, uliochapishwa 2009, ulikadiria watu kama 35. Hata tukiikubali 135 nzima, na tuseme wote walikuwa Wahindi, vifo zaidi ya tisa katika kila kumi bado vinadai muuaji mwingine.

Muuaji huyo ni kazi yenyewe na jinsi ilivyopangwa. Nyika ya Taru haikuwa na maji, kwa hiyo maji yaliletwa kwa treni. Ikichelewa, watu walikunywa walichokiona. Kuhara damu na malaria viliwamaliza kambini. Funza naye huingia chini ya ukucha: akitolewa mapema kwa sindano, tundu hufunga, akiachwa, kidole huoza. Mtu anayeshinda juu ya tuta akibeba reli zenye uzito wa ratili 50 kwa kila yadi hana nafasi ya kuupumzisha mguu, na mchubuko mdogo hugeuka donda ndugu.

Atatokea wa kusema kwamba haya ni maradhi, si ajali za kazini, na kwamba Ronald Ross aligundua siri ya mbu na malaria mwaka 1897 tu, reli ikiwa imekwisha kuanza. Kwa malaria hoja hiyo ina uzito, ingawa dawa yake, kwinini, ilijulikana zamani. Kwa funza na kiu haina. Sindano haikungoja mwanasayansi yeyote. Na aliyekatwa kidole kilichooza kwa sababu alipelekwa kazini kila siku, sioni kinachomtofautisha na aliyepondwa kidole na reli.

Kwa nini basi simba wakapata kitabu? Nadhani ni kwa sababu walisimamisha kazi. Desemba 1898 mamia ya vibarua walilala relini, wakaisimamisha treni, wakapanda na kwenda zao pwani. Daraja la Tsavo likalala wiki tatu hivi. Kuhara hakukuwahi kufanya hivyo. Kuliua mmoja mmoja, hemani, na nafasi ya marehemu ikazibwa na mwingine aliyeshuka melini kutoka Karachi. Hatari iliyochelewesha daraja ikaitwa hatari. Ile iliyopunguza watu bila kupunguza kasi ikaingia kwenye gharama za ujenzi.

Tena, zile 2,493 ni Wahindi peke yao, watu ambao mkataba ulimlazimu mwajiri kuwarudisha kwao na hivyo kujua walipo. Waafrika waliofyeka njia na kubeba mizigo hawamo. Patterson mwenyewe alikiri kwamba Waafrika walioliwa na simba hawakuwekewa kumbukumbu rasmi, na hao waliuawa na hatari iliyotazamwa kuliko zote.