Vitesi

Mwenye mtumbwi wa injini akipanda Bunia kutoka Kasenyi au Tchomia, kando ya Ziwa Albert, kutafuta fundi, husema: "Vitesi inakatala." Neno hili tumelipata kwa Kifaransa, na huko pia hubeba mizigo miwili: mwendo wa chombo, na gia. Fundi asipouliza zaidi, anaweza kufungua mahali pasipo na ubaya.

Tutenganishe maana hizo. Injini ikinguruma kwa nguvu lakini mtumbwi unajivuta, mizunguko ipo, mwendo haupo: tazama kama gia imeshika, au kama mpira wa ndani ya pangaboi umeachia. Injini yenyewe ikikataa kupanda, fuata waya wa mafuta kutoka mkononi hadi kabureta, kisha kichujio.

Kwa boti zinazojisukuma kwa kurusha maji nyuma, alizoziendeleza William Hamilton wa New Zealand miaka ya 1950, kosa la kuchanganya maana hizo ni baya zaidi. Nyingi hazina gia kabisa. Gugu maji au mfuko wa plastiki ukiziba mdomo wa chini unaovuta maji, injini hupiga kelele bure.

Badala ya "vitesi", mimi ningeandika "kasi ya injini", "mwendo wa boti" na "gia". Ziwa Albert lina mawimbi ya ghafla. Abiria wanastahili fundi aliyeelewa.