Mtoki, Tezi au Fundo?

Mtoto akijichoma mwiba unyayoni akauficha, kesho yake huchechemea akilalamikia kinena. Bibi humpapasa, akakuta uvimbe unaouma, kisha humwuliza: "Kidonda kiko wapi?" Anajua kuwa mtoki wa kinenani huleta habari za mguu, na wa kwapani za mkono.

Lakini mtoki ni jina la dalili. Kiungo chenyewe, kivimbe kisivimbe, tumezoea kukiita tezi ya limfu. Jina hilo lina kasoro mbili. Kwanza, tezi humwaga kitu: mate, jasho, homoni; kiungo hiki huchuja limfu, majimaji yanayokusanywa mwilini kurudishwa kwenye damu. Pili, mwanamume akiambiwa saratani imeingia kwenye tezi, atafikiria tezi dume. Kwa Kilatini huitwa nodus, yaani fundo. Basi na tuseme fundo la limfu.

Usahihi huo una faida tunapozungumzia sakoma, saratani za misuli, mafuta na tishu nyingine laini. Saratani ya matiti hupenda kupitia mafundo ya kwapani. Sakoma nyingi hupanda damu moja kwa moja hadi mapafuni. Kwa jumla, mafundo huguswa kwa wagonjwa wasiofika 5 katika 100. Zipo zinazokiuka desturi hiyo: rabdomiosakoma, inayowapata zaidi watoto, sakoma ya epithelioidi na sakoma ya seli angavu.

Kwa hizo, daktari hufuata njia ya bibi, ila kinyumenyume: bibi alitoka kwenye mtoki kutafuta kidonda, yeye hutoka kwenye uvimbe wa saratani kutafuta fundo. Hudunga rangi au dawa yenye mionzi kando ya uvimbe, akaangalia fundo gani linaipokea kwanza. Hilo ndilo fundo mlinzi, hutolewa likapimwe. Fundo lililokwisha kuwa gumu, hata kama haliumi, huchomwa sindano au kukatwa kipande ili lipimwe. Saratani ikithibitika humo na mapafu yakiwa safi, mafundo ya eneo hilo huweza kuondolewa, pamoja na tiba ya mionzi au dawa kulingana na aina ya sakoma. Gharama yake ni kwamba limfu iliyokosa njia huweza kuuvimbisha mguu, kama tuonavyo kwa wenye matende. Ndiyo maana mafundo hayaondolewi kwa kubahatisha.

Mtoki tusiutupe. Mgonjwa aseme ana mtoki. Daktari ampapase, amwulize swali la bibi, na kidonda kisipoonekana, alipime fundo.