Pau, Kenchi na Bizizi: Istilahi za Paa na Historia ya Makaburi ya Kasubi, Kampala

Tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza Muzibu-Azaala-Mpanga, jengo kuu la makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi. Kabaka Muteesa wa Kwanza alilijenga mwaka 1882 likiwa kasri. Alipofariki mwaka 1884 alizikwa humo, na baadaye wakazikwa Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Muteesa wa Pili. UNESCO ililitambua eneo hilo kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001, ikaliingiza katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2010, na kuliondoa humo mwaka 2023. Ujenzi mpya ulihitaji miti na nyasi; ulihitaji pia maarifa yaliyohifadhiwa katika maneno.

Kiswahili cha pwani kina msamiati mpana wa paa la nyumba ya mstatili. Mtambaapanya hulazwa juu ya ukuta. Makombamoyo huanzia hapo na kupanda hadi mwamba wa juu. Pau hufungwa kukingama juu ya makombamoyo ili kubeba makuti. Kenchi, fremu ya pembetatu ya mafundi wa leo, ina asili ya Kihindi, ambako neno hilo humaanisha pia mkasi. Istilahi hizi hutaja umbo la kipande, mahali pake au kazi yake ya kubeba uzito.

Paa la Kasubi ni la duara. Ndani yake mna pete 52, ziitwazo bizizi kwa Kiganda, zinazowakilisha koo 52 za Buganda, na kazi ya kuezeka ni dhamana ya ukoo wa Ngeye. Kizizi, basi, hubeba paa na hubeba pia nasaba. Kukitafsiri kuwa "upau" huhifadhi kazi yake ya kiufundi na kufuta maana yake ya kijamii. Fundi anayesoma tafsiri hiyo hana sababu ya kujali idadi ya pete.

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Hadhi hiyo isigeuke kuwa ufukara wa lugha jirani. Faharasa za ujenzi na za urithi zinapaswa kukipokea kizizi kama kilivyo, pamoja na fasili itakayotaja umbo, idadi na koo. Waezekaji wa Ngeye ndio wa kuulizwa kwanza, kwani moto wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa jengo huweza kutoweka kwa usiku mmoja, likarejeshwa tu na wanaojua kila kipande kinaitwaje na kwa nini.