Mguu wa Grant: Kidonda cha Bweranyange kilichokosa jina

Aprili 1862, wapagazi waliondoka Bweranyange, makao ya Omukama (mfalme) Rumanyika wa Karagwe, katika mkoa wa Kagera wa leo, Tanzania, wakiwa wamebeba machela. Juu yake alilala Mskochi James Augustus Grant, mwanajeshi wa miaka 35. Novemba ya mwaka uliotangulia alikuwa ameingia nchi hiyo kwa miguu yake mwenyewe, yeye na mwenzake John Hanning Speke, wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Sasa goti lake lilikuwa limekakamaa na kujikunja. Mguu haukunyooka.

Speke hakuweza kumsubiri. Januari alifuatana na wajumbe wa Kabaka Mutesa kwenda Buganda, na Grant akabaki chini ya himaya ya Rumanyika, juu ya ukingo wa mlima unaotazama ziwa dogo. Historia ya safari za Nile humtaja Grant kwa haraka, kama mtu aliyechelewa. Lakini miezi ile mitano aliyokaa Karagwe ni sehemu ya historia nyingine, ya vijidudu na safari zao, nayo inatuhusu zaidi sisi tunaoishi katika nchi hii.

Grant mwenyewe aliieleza hali yake katika kitabu alichochapisha mwaka 1864. Ulianza uvimbe mkubwa katika mguu wa kulia, juu ya goti, ukadumu kiasi cha mwezi mzima. Ukapasuliwa, usaha mwingi ukatoka, akapata nafuu ya muda. Kisha majipu mapya yakaota, nayo yakapasuliwa, na nguvu zikamwishia kabisa. Waganga wa pale walifanya walichojua. Kinyesi cha ng'ombe, chumvi na tope la ziwani vilichanganywa, na mchanganyiko huo ukabandikwa mguuni ukiwa wa moto. Grant alihisi tu kama amefungwa bendeji ya kubana. Dawa nyingine, ya ungaunga mweusi kama baruti, ilisuguliwa kwenye chale.

Tusiharakishe kuwacheka waganga hao. Mwaka huo wa 1862 hata hospitali za London hazikujua kwamba kisu cha kupasulia kinaweza kubeba ugonjwa. Louis Pasteur alikuwa Paris akithibitisha kwamba uchachu na uozo huletwa na viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho. Joseph Lister alichapisha njia yake ya kuua vijidudu vidondani mwaka 1867, na Robert Koch alimtambua mdudu wa kifua kikuu mwaka 1882. Mbele ya mguu ule, Mzungu na Mnyambo wa Karagwe walikuwa sawa kwa kutokujua.

Viumbe wenyewe, hata hivyo, walikuwa kazini Karagwe tangu zamani. Tazama rubisi inavyotengenezwa. Ndizi mbivu hukanyagwa pamoja na nyasi, maji yake matamu huchujwa na kumiminwa katika mtumbwi wa mti, ukatiwa unga wa mtama uliokaangwa, kisha mtumbwi ukafunikwa kwa majani ya migomba. Kesho yake povu limepanda na utamu umegeuka pombe. Mpishi wa rubisi hahitaji kununua hamira dukani. Chachu imekuja yenyewe, kutoka katika maganda ya ndizi, katika mtama na katika mbao za mtumbwi uleule uliotumika wiki iliyopita. Maziwa yanayoganda kibuyuni nayo ni kazi ya bakteria.

Hata mwili wa mtu ni mtumbwi wa namna hiyo. Wataalamu wanakadiria kuwa mtu mzima ana bakteria wapatao trilioni 38, idadi inayokaribiana na ya seli za mwili wake mwenyewe. Wengi wao wako katika utumbo mpana. Wengine wamekaa juu ya ngozi, mdomoni na puani. Hawa ni wenyeji: wanatusaidia kusaga chakula, na kwa kujaa mahali pao wanawanyima wageni wabaya nafasi. Lakini hata mwenyeji akivuka mpaka, tuseme bakteria wa ngozi akaingia damuni kupitia jeraha, anaweza kuleta maradhi.

Mgeni aliyeingia mguuni mwa Grant alikuwa nani? Baadhi ya madaktari wa zama zetu, waliposoma maelezo yake, waliona dalili zinazofanana na donda la Buruli. Hakuna kipimo kinachoweza kuthibitisha hilo leo. Kama hawakukosea, basi maandishi yaliyoanzia Bweranyange ni miongoni mwa maelezo ya kwanza kabisa ya ugonjwa huo duniani.

Jina lilichukua miaka mingi kupatikana. Mwaka 1897, Albert Cook wa hospitali ya Mengo, Kampala, aliona vidonda vya aina hiyo. Mwaka 1948, Peter MacCallum na wenzake huko Australia walimweleza mdudu anayevisababisha, Mycobacterium ulcerans, ndugu wa mdudu wa kifua kikuu na wa ukoma. Miaka ya 1960 wagonjwa wengi walionekana katika kaunti ya Buruli, Uganda, karibu na Nile, na ugonjwa ukachukua jina la mahali hapo. Miaka hiyohiyo, wakimbizi wa Rwanda waliopewa makazi Kinyara, karibu na mto huo, waliugua ugonjwa huo. Walipohamishwa, wagonjwa wapya walipungua. Ishara ilikuwa wazi kwamba ugonjwa umefungamana na mazingira ya mahali, hasa maji yaliyotuama au yaendayo polepole.

Mdudu huyu hukua taratibu na hupenda joto la nyuzi 29 hadi 33, ndiyo maana hung'ang'ania ngozi. Hutoa sumu inayoua nyama, kufifisha kinga na mara nyingi kuondoa maumivu, hivyo mgonjwa hukaa na uvimbe akiupuuza. Ugonjwa hauambukizwi kwa kawaida kati ya mtu na mtu. Kule Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 uliwahusisha mbu. Kwa Afrika, njia yake haijathibitishwa.

Kila mdudu ana njia yake, na Kagera imejifunza hilo kwa gharama kubwa. Mwishoni mwa karne ya 19, tauni ilipokuwa Kiziba, Koch na daktari mwenzake Zupitza waliithibitisha kwa darubini, lakini wenyeji walikwisha kujua kwamba panya wakianza kufa nyumbani, ni wakati wa kuhama. Mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humu, na uvumi wa uchawi ukatangulia maarifa. Machi 2023 virusi vya Marburg vilitangazwa Bukoba, na Januari 2025 vikatangazwa Biharamulo. Virusi hivi hupita katika damu na majimaji ya mgonjwa au maiti, kwa hiyo upendo wa kumwosha marehemu kwa mikono mitupu ndio unaogeuka mlango wa kifo.

Anayejua njia ya ugonjwa anajua wapi aweke kizuizi. Kwa Marburg, mgonjwa hutengwa na kuhudumiwa na waliovaa kinga. Kwa donda la Buruli, kumtenga mtu ni kumwonea bure. Anachohitaji ni dawa. Rumanyika hakuwa na darubini, lakini hakumfukuza mgeni mwenye mguu unaotoa usaha.

Grant alipona, akaungana na Speke Mei 1862, akafika kwao Uskoti na kufa mwaka 1892. Wengi wasio na jina vitabuni walibaki na viungo vilivyopinda. Hakuna sababu ya kuwaiga leo. Mficha maradhi, kilio humfichua: ukiona kinundu kisichouma kinachokua, au kidonda kinachogoma kupona wiki baada ya wiki, nenda zahanati ukiwa bado unatembea. Donda la Buruli likigunduliwa mapema hutibiwa kwa vidonge vya rifampisini na klarithromaisini, kwa wiki nane.