Buswezi na Tiba ya Mwanamke, Kahama

Buswezi ni chama cha tiba na ibada ya mizimu kinachojulikana Unyamwezini, Usukumani na Usumbwani, magharibi mwa Tanzania. Walioingizwa chamani huitwa Baswezi. Mmoja wao ni Muswezi. Kuna wanaume ndani yake, lakini wanawake ndio ambao chama hiki kimewafaa zaidi, kwani kiliwapa njia ya kupona mwili na kujirudishia nafsi kwa wakati mmoja. Makala hii inaeleza njia hiyo, kisha inatazama tiba nyingine zinazokimbiliwa leo na wanawake wa Nyasubi, mojawapo ya kata za Manispaa ya Kahama mkoani Shinyanga. Kahama ni mji wa mpakani: Wasukuma mashariki, Wanyamwezi kusini, Wasumbwa magharibi, na watu wa kila kabila waliofuata dhahabu. Mengi yatakayotajwa hapa yanapita katika mji huu.

Asili

Jina la Baswezi limetokana na Bachwezi, watawala wa masimulizi ya kale ya Kitara, magharibi mwa Uganda ya leo. Ibada yao, pamoja na ya shujaa Lyangombe, ilienea katika nchi za Maziwa Makuu, Bunyoro hadi Rwanda na Burundi, ambako Warundi walimwita Kiranga. Kutoka huko iliingia Unyamwezini na kuchanganyika na desturi za wenyeji za kuwaenzi wahenga, ambao Wasukuma huwaita masamva.

Maelezo marefu ya Buswezi yaliandikwa na Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya Tanganyika, katika makala aliyoichapisha 1955. Cory ndiye aliyeandika pia kitabu cha sheria na desturi za Wasukuma cha 1953. Kazi zake zina thamani kubwa, ingawa macho yake ni ya ofisa anayetaka kujua chama kimepangwaje na viongozi wake ni akina nani. Mama aliyeingia humo akiwa mgonjwa na kutoka akiwa mtu mwingine hasikiki sana katika kurasa hizo.

Njia ya mgonjwa

Mwanamke haingii Buswezi kwa kupenda. Huanza na maradhi yasiyosikia dawa: kichwa, kukosa usingizi, mwili kuishiwa nguvu, mimba kuharibika moja baada ya nyingine, au ndoto ambamo marehemu wa ukoo anamjia na kumwita. Familia humpeleka kwa mfumu, yaani mpiga ramli. Kwa Wasukuma, ramli inayoaminiwa kuliko zote ni ya kuku: anapasuliwa, na mfumu anasoma alama za ndani. Jibu likiwa kwamba kuna mhenga aliyekuwa Muswezi naye anadai kukumbukwa kupitia mjukuu huyu, basi ugonjwa umepata jina na mgonjwa amepata njia.

Hapo ndipo mambo yanapogeuka. Mwanamke ambaye jana alikuwa mzigo wa nyumba, anayesemwa kuwa mvivu au tasa, leo ni mteule. Mume na wakwe, ambao mahari ya ng'ombe iliwapa sauti kubwa juu yake, sasa wanatakiwa kutoa mali kwa ajili ya tiba. Anatengwa na shughuli za nyumbani, anakaa na wanachama wenzake, anapigiwa ngoma usiku, anafundishwa nyimbo na maneno ya siri, na anapewa jina jipya. Anapopandwa, maneno yanayomtoka huhesabiwa kuwa ya mzimu, na mzimu hauadhibiwi wala haukatizwi. Kwa mwanamke aliyelelewa kupiga magoti na kunyamaza mbele ya baba mkwe, hiyo ni nafasi ambayo pengine hajawahi kuipata tangu aolewe.

Tiba haiishii kwenye ngoma. Baada ya kuingizwa, mgonjwa ni mwanachama wa kudumu. Ana ndugu wapya wasio wa damu wala wa ndoa, anahudhuria misiba yao, anashiriki kuwaingiza wengine, na akikomaa yeye mwenyewe huwa mwalimu na mponyaji. Ugonjwa wake wa zamani unakuwa cheti chake cha kazi. Sehemu hii, kwa maoni ya mwandishi, ndiyo kiini cha Buswezi. Hakuna anayemwambia mwanamke akajitafute peke yake; anarudishiwa nafsi yake na watu wanaomwita kwa jina na kumngoja afike.

Hoja za wataalamu

I. M. Lewis, katika kitabu chake cha 1971 kuhusu dini za kupandwa na mizimu, alidai kwamba kupagawa ni silaha ya wanyonge: mwanamke asiyeweza kumdai mume wake zawadi au heshima humdai kupitia pepo. Iris Berger, aliyechunguza ibada hizi za Maziwa Makuu, aliuliza mwaka 1976 kama wanawake hao walikuwa waasi au watu wanaotafuta hadhi ndani ya mfumo uleule. Alionyesha kwamba katika baadhi ya falme mwanamke mwenye mzimu aliweza kuvaa mavazi ya kiume na kukalia kigoda, mambo yaliyokatazwa kwa wanawake wengine. Linda Giles, akiandika 1987 kuhusu vyama vya pepo vya pwani ya Waswahili, aliipinga hoja ya unyonge: aliwakuta humo watu wa kila tabaka.

Hoja ya Lewis inapungukiwa jambo moja. Inamwona mwanamke kama mdai tu, inasahau kwamba alikuwa anaumwa kweli.

Ramli inayoponya na ramli chonganishi

Haiwezekani kuandika juu ya tiba asili mkoani Shinyanga bila kutaja vikongwe waliouawa. Kwa miongo mingi, wanawake wazee wa Shinyanga, Geita na Mwanza wamekatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, mara nyingi kwa sababu tu macho yao ni mekundu, wekundu unaoletwa na miaka ya kupikia kuni na samadi ndani ya nyumba isiyopitisha moshi. Nyuma ya mauaji mengi kuna mganga aliyetaja jina. Serikali huiita ramli ya aina hiyo ramli chonganishi, na Januari 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, ilitangaza kuipiga marufuku. Waganga zaidi ya 200 walikamatwa katika wiki zilizofuata. Ilikuwapo pia Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, inayomtaka mganga asajiliwe.

Mwanaanthropolojia Koen Stroeken, aliyeishi na waganga wa Kisukuma, ametofautisha kwa makini uchawi na kupandwa, na tofauti hiyo inafaa kushikwa. Ramli ya uchawi inamtafuta adui nje: jirani, mke mwenza, bibi mjane wa pembeni. Ramli ya Buswezi haimtafuti adui yeyote. Anayekusumbua ni mhenga wako, naye anakutaka kwa sababu wewe ni wake. Mganga huyohuyo, kwa kuku huyohuyo, anaweza kumpa mama mmoja jina jipya na kumpa mama mwingine kifo. Anayesifu tiba za jadi bila kulisema hili hawatendei haki wanawake anaodai kuwatetea.

Mji wa dhahabu

Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji 2000, Bulyanhulu 2001, na Buzwagi, ulio jirani kabisa na mji wa Kahama, 2009. Pamoja na migodi mikubwa kuna machimbo madogo ambako wanawake huponda mawe, huosha mchanga kwa zebaki, au huwa mama lishe. Wengi hupanga chumba katika kata kama Nyasubi, mbali na ukoo. Buswezi huhitaji ukoo: mhenga anayejulikana, baba au mjomba wa kusimamia, shamba la nyumbani la kufanyia ngoma. Mpangaji aliyetoka Kasulu au Bariadi, aliyeachwa na mwanamume wa machimboni, hana vyote hivyo.

Anachokipata mjini ni vipande. Kanisani kuna maombi ya usiku na kufunguliwa. Wakatoliki wana WAWATA, chama cha wanawake wao, na jumuiya ndogondogo. Kuna vikundi vya kuweka na kukopa, ambamo fedha huhesabiwa kwanza na machozi hutoka baadaye. Kuna dawati la jinsia na watoto polisi, maafisa ustawi wa jamii, na katika hospitali kadhaa nchini vituo vya mkono kwa mkono, ambako aliyebakwa au kupigwa hupata matibabu, ushauri nasaha na fomu ya polisi chini ya paa moja.

Kati ya vipande hivyo, kikundi ndicho chenye ushahidi mzuri. Jijini Mwanza, mradi wa utafiti wa MAISHA ulichukua vikundi 66 vya mikopo midogo vyenye wanawake zaidi ya 1,000, nusu wakapewa vipindi 10 vya mazungumzo juu ya mahusiano, jinsia na ukatili. Matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha kwamba waliopata vipindi walipigwa na wenza wao kwa kiwango kidogo kuliko ambao hawakuvipata. Ushauri wa mtu mmoja mmoja, ulioletwa na vitabu vya saikolojia, una kazi yake kwa majeraha mazito. Hata hivyo, mpango wowote wa afya ya akili kwa wanawake wa ukanda huu ungefaa uanzie kwenye kikundi, kwa maana wanawake wenyewe wameshakijenga.

Tiba na mali

Tiba isiyogusa paa la mgonjwa huishia njiani. Agizo la Sheria za Mila la 1963 linamnyima mjane urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka mkoa wa Shinyanga, waliofukuzwa na wakwe katika nyumba walizoishi na waume zao, walilipinga mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzibatilisha. Walikwenda mbele hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi dhidi ya Wanawake, ambayo mwaka 2015 iliamua kwamba Tanzania imekiuka haki zao, ikaitaka iwalipe fidia na ihakikishe sheria za mila zinawapa wanawake haki sawa ya kurithi na kusimamia mirathi.